Hesabu ya Magunia

Mama hana habari na ukubwa wa injini.
Kwake kila kitu duniani kina bei ya viazi.
Pikipiki yangu ya kwanza, iliyokwisha rangi:
magunia ishirini na mawili, ya lumbesa, si ya mzani.
Kofia ngumu: magunia matatu.
Bega lililovunjika Makambako, likafungwa waya Rufaa Mbeya:
magunia kumi na tisa, na mbuzi.
Mbuzi yule hajamsahau.

Nilianza kwa kubeba, si kwa kushindana.
Isyonje hadi Uyole, alfajiri ya Juni,
ukungu umelala barabarani kama ng'ombe asiyetaka kupisha,
gunia nyuma yangu limenipita kimo,
vidole vimekufa kwenye breki.
Huko ndiko nilikosomea:
kwamba udongo ukilowa ni sabuni,
kwamba gurudumu la nyuma likitaka kwenda zake
uliachie kidogo, kisha ulikumbushe,
kwamba ukitazama shimo utaingia shimoni,
tazama pale unapotaka kutokea.

Shindano la kwanza lilikuwa Mbalizi,
shamba la mahindi lililokwisha vunwa.
Wanaume kumi na wanane, mimi, na Tumpe wa Igawilo,
ambaye mnyororo ulimkatikia mzunguko wa pili
akarudi kwa miguu akitukana kwa Kinyakyusa safi.
Nilimaliza wa tano kati ya wote.
Mshindi akapewa bahasha.
Mimi nikapewa beseni,
la bluu, lenye maua,
na mwenye kipaza sauti akasema, haya, Subilaga, sasa ukafue.
Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa meno tu.
Nikarudi nalo nimelifunga mgongoni kama kobe,
upepo wa Uyole ukilipiga ngoma.

Beseni lile, mpaka leo,
ndimo ninamoloweka mnyororo kwa dizeli.
Maua yameliwa yote.

Miaka kumi na moja. Siisimulii nzima.
Kuna Tunduma, na yule bwana wa forodha
aliyetaka kujua pikipiki isiyo na taa inakwenda wapi.
Inakwenda juu, nikamwambia.
Akaandika: juu.
Kuna mfadhili, muuza mbolea wa Mafinga,
aliyelipa mafuta miezi minne
kisha akadai nimpikie nyumbani kwake, usiku.
Nilibandua stika yake kwa kisu cha kumenyea ndizi,
na gundi ikabaki ubavuni msimu mzima,
ikidaka vumbi la kila mkoa.
Kuna asubuhi ambazo magoti huamka nyuma yangu,
nimeshafika mlangoni, yenyewe bado kitandani.

Mwaka huu ni Iringa, Igumbilo,
vumbi laini kama unga wa ulezi.
Mama alikuja. Kwa mara ya kwanza.
Na kikapu, na mwavuli, na sweta mbili,
akasimama nyuma ya kamba kwenye tuta refu
kwa sababu hapo, alisema, hapana watu wengi.
Hakujua kwa nini watu wanapakimbia.

Mzunguko wa sita nikapaa pale pale.
Juu kule injini hubadilisha sauti,
haina tena cha kusukuma,
na mikono hii iliyobeba, jambo la ajabu,
huwa haina uzito wowote.
Nikamwona kwa jicho la pembeni:
mwavuli wa kijani, mdomo wazi,
kidole kimenyooka kama mtu anayehesabu.

Nikawa wa pili. Nyuma ya kijana wa Kihesa
mwenye nusu ya umri wangu na pikipiki mpya.
Safari hii, bahasha. Nyembamba, lakini bahasha.
Mama akaipima kwa kiganja,
magunia manne, akasema, labda na debe.

Usiku, chumba cha wageni, ananikanda bega
kwa kitambaa na maji ya moto.
"Pale juu," akasema, "ulikaa muda gani?"
Sekunde moja, mama. Labda na nusu.
Akanyamaza, midomo ikisogea.
Nikasubiri idadi.
Maji yakapoa.